Tintin Bila Kongo: Katuni za Televisheni na Jibu la Wachoraji wa Katanga

Makala haya mafupi yanakusudia kuchunguza urithi wa mfululizo wa katuni za televisheni uitwao Les Aventures de Tintin, uliotengenezwa mwaka 1991 na 1992 na kampuni za Ellipse ya Ufaransa na Nelvana ya Kanada. Mpaka wa Kasumbalesa, takribani kilomita 90 kutoka Lubumbashi, ni mahali pafaapo kuanzia. Upande wa Kongo lugha rasmi ni Kifaransa, na upande wa Zambia ni Kiingereza. Kwa Kifaransa mbwa wa shujaa huyo huitwa Milou, na kwa Kiingereza Snowy. Hata hivyo, matoleo yote mawili yana pengo moja. Vipindi 39 vya mfululizo huo vinasimulia hadithi 21, na safari ya Kongo haimo. Haikuwamo pia katika katuni za awali zilizotengenezwa na Belvision ya Brussels kuanzia mwaka 1957.

Safari hiyo ilitangulia karibu nyingine zote. Hergé, ambaye hakuwa amefika Kongo, aliichapisha katika Le Petit Vingtième mwaka 1930 na 1931, gazeti la watoto lililosimamiwa na Padri Norbert Wallez, aliyetaka vijana wa Ubelgiji waipende koloni yao. Watu wa Kongo walichorwa kama watoto wasiojiweza bila Mzungu wa kuwaongoza. Katika toleo la kwanza, Tintin anasimama darasani na kuwafundisha wanafunzi Waafrika kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Toleo la rangi la mwaka 1946 liliondoa somo hilo na kuweka hesabu mahali pake, lakini sura za watu hazikubadilika. Mwaka 2007 mwanafunzi Mkongo aliyeishi Ubelgiji, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikishtaki kitabu hicho huko Brussels. Mwaka 2012 mahakama iliyakataa madai yake.

Yawezekana kutetea kwamba watengenezaji wa katuni walitenda kwa busara. Dhihaka ile ingalipewa sauti na mwendo, ingaliwaumiza watoto zaidi kuliko ilivyokuwa kitabuni. Hoja hiyo twaikubali. Lakini kuficha si kusahihisha. Mtoto aliyemjua Tintin kwa televisheni tu humwona rafiki wa wanyonge, asijue kwamba shujaa huyo aliwahi kutumikia ukoloni. Kitabu nacho kimebaki madukani, kikingoja msomaji ambaye hakuandaliwa.

Jibu lililo zito zaidi lilikuwa limekwisha kutolewa Lubumbashi kabla ya mfululizo huo kutengenezwa, nalo lilitolewa kwa picha. Mwaka 1973 na 1974 Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyezaliwa mwaka 1947, alichora historia ya nchi yake katika picha zipatazo 100, akaisimulia kwa Kiswahili cha Katanga mbele ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian, ambaye alichapisha kazi hiyo mwaka 1996. Humo mna wafungwa wanaochapwa viboko mbele ya mkoloni, mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière uliozimwa kwa risasi mwezi Desemba 1941, na kifo cha Lumumba mwaka 1961. Tshibumba, sawa na Hergé, alisimulia kwa picha zinazofuatana na maneno machache. Tofauti ni kwamba Tshibumba aliwachora watu wake wakiwa watendaji na mashahidi wa historia yao, hali Hergé aliwachora wakiwa mandhari ya safari ya mtu mwingine.

Kwa hiyo, yafaa walimu wa fasihi na historia wasiridhike na pengo lililoachwa na televisheni. Ukurasa wa Tintin wa mwaka 1931 usomwe darasani sambamba na picha za Tshibumba na masimulizi yake ya Kiswahili, ili mwanafunzi apime mwenyewe ni nani aliyekuwa na haki ya kusema na nani aliyenyamazishwa. Aidha, masimulizi hayo ni hazina ya lugha. Yanathibitisha kwamba Kiswahili cha migodini, ambacho mara nyingi hudharauliwa na wasanifu wa lugha, kiliweza kubeba historia nzima ya taifa.