Usawa wa Kwenye Daftari

Katika miaka yangu ya ualimu nimejifunza kwamba neno "usawa" halikai mahali pamoja. Kila sera ya elimu inapobadilika, nalo hubadilika maana, na sisi walimu hubadilika nalo pasipo kujijua.

Nilipoanza shule, elimu ya Tanganyika iligawanywa kwa rangi: shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Mgawanyo huo ulifutwa kuanzia mwaka 1962, na kwetu usawa ulikuwa na maana hiyo tu, yaani mtoto asikataliwe kwa rangi yake. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1973 ada ya shule za msingi ikafutwa. Na Novemba 1974 TANU iliamua huko Musoma kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1977 elimu ya msingi iwe ya watoto wote. Wakati huo nilikuwa mwalimu kijana. Waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu vijijini, na watoto walisoma kwa zamu, wengine chini ya miti. Ubora ulipungua, sikatai, lakini hakuna aliyeniuliza mtoto huyu ni wa nani.

Katikati ya miaka ya 1980 uchumi ulikuwa taabani, na wazazi wakatakiwa tena kuchangia. Nilikuwa mwalimu mkuu. Kiwango kilikuwa kimoja, nami nilihesabu kuwa hiyo ndiyo haki: mwenye nacho na asiye nacho walipe sawasawa. Asubuhi moja mstarini nilisoma majina ya wasiolipa, nikawarudisha nyumbani. Miongoni mwao alikuwapo msichana wa darasa la sita, mtoto wa mjane, aliyekuwa akiongoza darasa katika hesabu. Wenzake walirudi mmoja mmoja. Yeye hakurudi. Baada ya miezi mitatu nilipiga mstari mwekundu juu ya jina lake, nikaandika "mtoro".

Neno hilo linanisumbua hadi leo. Hakutoroka, nilimfukuza mimi. Hakuna waraka ulionilazimisha kusoma jina lake mbele ya wenzake, wala ulionizuia kwenda kwa mama yake, mwendo usiofika robo saa. Sera ilinipa kipimo, nami nikakifanya dhamiri yangu.

Ada ya shule za msingi ilifutwa tena mwaka 2001, na kuanzia mwaka 2016 ikaondolewa hadi kidato cha nne. Mwaka 2021 wasichana waliokatishwa masomo kwa sababu ya ujauzito waliruhusiwa kurudi shuleni. Nashukuru kuyaona hayo. Hata hivyo, mlango ukiwa wazi bado yupo asiye na sare, asiyeona ubao, na anayebaki nyumbani kulea wadogo zake. Waraka hauwezi kuwajua hao. Mwalimu anaweza.

Miaka yangu ya mwisho kazini nilifundisha chuo cha ualimu. Wanachuo waliponiuliza usawa ni nini, niliwaambia hivi: mkimaliza kuita majina asubuhi, ulizeni wasiokuwapo wako wapi, halafu nendeni mkaone wenyewe.

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mimi nilimnyonga, na haki yake sikumpa.