Saa ya Mgeni: Safari ya Kipima Muda Ndani ya Mashine Pepe

IBM ilipotangaza kompyuta za System/360 mwaka 1964, kipima muda chake kilikaa ndani ya kumbukumbu kama neno la biti 32 kwenye anwani namba 80. Mashine ilipunguza namba hiyo mfululizo, na ilipovuka sifuri ikawa hasi, kazi iliyokuwa ikiendelea ilikatizwa, mfumo endeshi ukashika usukani. Mpango huo ulitosha pale kompyuta ilipokuwa na bwana mmoja.

Huko Cambridge, Massachusetts, kundi la IBM lililoongozwa na Robert Creasy liliunda CP-40, ikafuatiwa na CP-67. Programu hizo ziligawa kompyuta moja iwe mashine pepe nyingi, kila moja ikijiona iko peke yake. Hapo likazuka swali ambalo wahandisi wameliuliza upya kila kizazi: mgeni, yaani mashine pepe mojawapo, akiwekwa kando ili mwenzake ahudumiwe, saa yake iende au isimame? Katika programu ya VM/370 ya mwaka 1972, kipima muda cha mgeni kilihesabu muda aliotumia prosesa tu, na aliyetaka kujumlisha muda wa kusubiri aliwasha chaguo la REALTIMER. Isitoshe, kompyuta za System/370 zilikuwa zimekuja na saa ya biti 64, inayohesabu tangu tarehe 1 Januari 1900, ambayo programu yoyote iliweza kuisoma bila ruhusa maalumu. Tangu wakati huo kukawa na njia mbili za kujua muda: kuhesabu mapigo ya kipima muda, au kusoma saa.

Kompyuta ndogo zilishika ya kwanza. IBM PC ya 1981 ilitumia chipu ya Intel 8253 iliyokwenda kwa takriban megahezi 1.193, kasi iliyopatikana kwa kugawa kwa 12 kioo cha megahezi 14.318 kilichochaguliwa kwa ajili ya televisheni za rangi za Marekani. Mfumo endeshi wa DOS ulipata mapigo kama 18.2 kwa sekunde. Linux kwenye prosesa za Intel ilianza na 100, na toleo la 2.6, Desemba 2003, likapandisha hadi 1,000.

Kwenye kompyuta halisi, mapigo 1,000 si mzigo mkubwa. Lakini kampuni ya VMware ilikuwa imeleta mashine pepe kwenye kompyuta za mezani tangu 1999, na seva yenye wageni 100 wa namna hiyo ilidaiwa mapigo 100,000 kila sekunde, hata wageni wote wakiwa wamelala. Mgeni asiyepata zamu alikosa mapigo yake, na saa yake ikachelewa. Haipaviza, yaani programu inayoendesha mashine pepe, ikayalimbikiza na kumletea kwa mkupuo alipoamka. Bahati mbaya, baadhi ya kerneli za Linux, yaani viini vya mfumo endeshi huo, nazo zilikuwa zimejifunza kugundua mapigo yaliyopotea na kuyafidia zenyewe. Pande mbili zikalipa deni moja, na saa iliyokuwa ikichelewa ikaanza kukimbia mbele.

Njia ya kusoma nayo ilikuwa na miiba. Prosesa ya Pentium ya 1993 ilileta kihesabio cha TSC, kinachosomwa kwa amri moja. Haipaviza ikinasa kila usomaji, kasi inapotea. Ikiuachia, mgeni anaona muda wa mashine halisi. Akihamishiwa kwenye seva nyingine huku akiendelea na kazi, anakuta kihesabio kilichoanza siku nyingine na kinachokwenda kwa kasi nyingine. Teknolojia ya VT-x ya Intel, mwaka 2005, ilipunguza taabu kwa kuongeza tofauti maalumu kwenye kila usomaji bila kumsimamisha mgeni. Suala la kasi lilisubiri prosesa za baadaye.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na haipaviza ya Xen ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, ilifanya hivyo mwaka 2003. Haipaviza huandika kwenye ukurasa wa kumbukumbu wa pamoja muda wa mfumo, thamani ya TSC wakati huo, na kizidishio cha kugeuza hesabu kuwa nanosekunde. Mgeni husoma TSC, hukokotoa mwenyewe, kisha hutazama namba ya toleo la ukurasa. Ikiwa imebadilika, au ni witiri, ukurasa ulikuwa ukiandikwa, hivyo husoma upya. Haipaviza ya KVM ilichukua mtindo huo kwa jina la kvmclock. Wasanifu wa prosesa za Arm walikwenda mbali zaidi: prosesa yenyewe ina kihesabio halisi na kihesabio pepe, na haipaviza ndiyo hupanga tofauti kati yao.

Kwa maoni yangu, miongo hiyo yote ina funzo moja. Saa za wageni zilitulia pale kerneli ilipoacha kuhesabu mapigo, na haipaviza ilipoacha kumficha mgeni kwamba ni mgeni. Hata muda aliowekwa kando sasa huambiwa: kwenye Linux huonekana chini ya herufi st katika programu ya top. Wewe unayeendesha seva ya kukodi, ikilalamikiwa kuwa nzito, tazama kwanza namba hiyo kabla hujalaumu programu yako.