Mshipi wa Rombo

Rombo ziko mbili chini ya mlima mmoja. Moja iko Tanzania, kwenye migomba ya Wachaga kwenye miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro. Nyingine iko Kenya, Kajiado Kusini, kwenye nchi kavu inayoteremka kutoka Loitokitok kuelekea Tsavo Magharibi, ambako wenyeji wengi ni Wamasai wa Ilkisonko. Mpaka unaozitenga ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886. Wakati huo misafara ya shanga na nguo ilikuwa imeshapita chini ya mlima huo miaka mingi, na mshipi wa shanga anaouvaa kijana wa Rombo leo ulizaliwa katika biashara hiyo.

Kabla ya nguo kulikuwa na ngozi. Mwanamke wa Kimasai alivaa ngozi mbili zilizolainishwa kwa mafuta: moja kiunoni, ya pili begani, na mshipi wa ngozi ukishika ile ya chini isianguke. Morani alikuwa na ngozi moja nyepesi iliyoning'inia begani. Mshipi wake ulikuwa na kazi nyingine, kubeba sime ndani ya ala nyekundu. Angeweza kuivua ngozi akabaki bila vazi mwilini, lakini mshipi ulibaki palepale kiunoni. Kwa hiyo mshipi ulikuwa mzee kuliko mapambo yake.

Mapambo yaliletwa na misafara ya Pangani na Mombasa. Waungwana wa pwani walipita na kanzu zao na vizibao vyao, wakibeba nguo za merikani na kaniki, nyaya za shaba na shanga za kioo zilizotengenezwa Venice. Zanzibar shanga ziliuzwa kwa majina, na samesame nyekundu ilikuwa ya thamani kubwa. Mfanyabiashara aliyekosea rangi alikuwa amebeba mzigo wa bure, kwa sababu kila nchi ya bara ilikuwa na chaguo lake na chaguo hilo liligeuka. Mpelelezi Mskoti Joseph Thomson alilijua hilo mwaka 1883. Huko Taveta ilibidi watu wake watunge upya makumi ya maelfu ya nyuzi za shanga, kila uzi kwa urefu ambao Wamasai walikubali kuupokea, kabla hajaungana na msafara wa Jumbe Kimameta wa Pangani na kuzunguka mlima kupitia Useri. Nalikazia jambo hili kwa makusudi. Tumezoea kusimuliwa kwamba Mzungu alimpa Mwafrika shanga naye akapokea kwa furaha, kumbe mnunuzi ndiye aliyetoa masharti, hata urefu wa uzi akaupanga yeye.

Kisha yakaja maafa. Sotoka na ndui za miaka ya 1890 ziliangamiza ng'ombe na watu, na mikataba ya 1904 na 1911 ikawanyang'anya Wamasai malisho yao bora. Katika miaka hiyo migumu maduka ya Wahindi yalisogea karibu zaidi, na shuka ya pamba ikaichukua polepole nafasi ya ngozi. Shanga ndogo za Bohemia nazo zikajaa madukani. Kwa kuwa zilikuwa ndogo na zinalingana, mwanamke aliweza kuzishona safu kwa safu juu ya mkanda wa ngozi ya ng'ombe hadi ngozi yenyewe isionekane. Hapo ndipo ule mshipi wa sime ulipogeuka kuwa uwanja wa rangi.

Amri nayo ilijaribu kuingia kiunoni. Mwaka 1967 serikali ya Tanzania ilianzisha mkoani Arusha kampeni ya kuwavisha Wamasai suruali, na wenye lubega wakazuiwa kupanda mabasi. Upande wa Kenya amri hiyo haikuwa na nguvu. Suruali ilifika Rombo hata hivyo, ikaletwa na shule, ajira na baridi ya alfajiri, lakini haikuifukuza shuka. Iliingia chini yake. Leo mwanamume anaweza kuvaa suruali, shati, sweta, shuka moja kiunoni na nyingine begani, halafu mshipi mpana juu ya ile ya kiunoni, ukiyabana matabaka yote.

Kitengela, nchi ya Wamasai wa Ilkaputiei iliyomezwa na mji kwenye barabara ya Namanga, mambo yamepinduka tena. Huko mshipi ni mwembamba, una bizimu na hupita kwenye vitanzi vya suruali, na juu yake bwana harusi huvaa kizibao chenye ukingo wa shanga. Kizibao kirefu kikifungwa huufunika mshipi wote, na kazi ya siku nyingi inapotea gizani. Ni heri kikatwe kifupi, au kiachwe wazi, na rangi za ukingo zifuate za mshipi badala ya kushindana nazo.

Rangi hizo hazijawahi kutulia. Mtafiti Donna Klumpp, katika tasnifu yake ya mwaka 1987, alionyesha kwamba mpangilio wa shanga hutofautiana kati ya sehemu moja ya Wamasai na nyingine, na hubadilika kila rika jipya la wanaume linapoingia. Wanaobadilisha ni wanawake. Wao ndio huketi na sindano, hupokezana nyuzi, huamua kwamba kijani hiki sasa kikae karibu na chungwa, na mshipi ulioshonwa kwa ajili ya rika la baba hutambulika mara moja kwamba si wa mwana.