Mali Bila Daftari: Maandiko ya Kale na Habari za Kidodi

Yubile ni wakati wa kumshukuru Mungu kwa miaka iliyopita. Lakini hakuna awezaye kushukuru kwa mambo asiyoyajua. Wazee wetu walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaona ya kuwa si mali tu. Hata watu na vijiji vyao hupotea vivyo hivyo. Basi twataka kunena juu ya maandiko ya kale, yaani vitabu, vijitabu na barua, na jinsi yapasavyo kutunzwa.

Katika Kitabu cha Ezra twasoma kwamba Wayahudi waliulizwa ni nani aliyewapa ruhusa ya kujenga Hekalu. Wakataja amri ya Koreshi. Mfalme Dario akaamuru itafutwe katika nyumba ya kuwekea maandiko. Ikaonekana mbali, katika nchi ya Wamedi, na kazi ya Hekalu ikaendelea. Kama amri ile ingaliliwa na mchwa, Wayahudi wangalibaki na neno la midomo tu.

Nchi yetu nayo ina mambo mengi ya kukumbukwa. Kidodi iko bondeni, chini ya milima ya Wavidunda, karibu na mto Ruaha Mkuu. Mwaka 1905 moto wa vita ya Maji Maji ulifika hata upande wa Kilosa. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jemadari van Deventer yalishuka kutoka Kilosa hata Kidodi, na Wadachi wakarudi nyuma. Majina ya majemadari yamo vitabuni. Lakini wapagazi waliobeba mizigo ya vita, wengi wakafa kwa njaa na maradhi, ni nani awajuaye kwa majina?

Baada ya hayo nchi iligeuka sana. Katika miaka ya 1960 mashamba makubwa ya miwa na kiwanda cha sukari vilileta watu wa makabila mengi. Mwaka 1975 bwawa la umeme la Kidatu likaanza kazi. Katika miaka hiyo ya 1970 watu wengi wa Tanzania walihamishwa kukaa katika vijiji vipya. Kwa hiyo mtoto wa leo aweza kuzaliwa Kidodi, asijue babu yake alitoka wapi wala kijiji cha kwanza kiliitwaje.

Hapo ndipo twaona thamani ya daftari la ubatizo. Ndani yake mna jina la mtoto, majina ya wazazi na msimamizi, mahali na siku. Mtu asiye na cheti aweza kupata humo ushahidi wa umri wake, na mwalimu aweza kupata jina la kijiji ambacho leo ni pori. Mstari mmoja wa wino huwa ushahidi uliosalia wa maisha ya mtu mzima.

Tena tusidhani ya kuwa maandiko hujitunza yenyewe. Wakati wa vita vya 1914 hata 1918 maandiko mengi ya serikali ya Wadachi yalizikwa ardhini huko Tabora, yakafukuliwa baadaye. Leo yamo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Karatasi za Hans Cory, aliyechunguza mila na sheria za makabila, zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo hicho walikwenda vijijini kuwauliza wazee habari za Maji Maji, wakaziandika. Wazee wale wamekwisha kufa, lakini maneno yao yangaliko. Na Abdallah bin Hemedi aliandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili, zikapigwa chapa na misioni ya Magila kwa vijitabu kuanzia mwaka 1895. Kwa vijitabu hivyo habari za Usambara zinasomwa hata leo.

Je, sisi tufanyeje? Kwanza, vitabu vya parokia viwekwe mahali pakavu, juu ya rafu isiyogusa ukuta, navyo vitazamwe mara kwa mara kwa ajili ya mchwa na panya. Pili, asiazimwe mtu kitabu bila kuandika jina lake. Tatu, nyuma ya kila picha ya zamani yaandikwe kwa penseli majina ya watu na mwaka. Nne, walimu wawatume wanafunzi kwa wazee, waandike jina la msimuliaji, mahali na tarehe. Tano, daftari kuukuu lipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, na nakala iwekwe mahali pengine. Simu ya mkononi yatosha kwa kazi hiyo.

Nanyi wenye barua za baba au daftari la katekista aliyefariki, twawasihi msizifungie tumbaku wala kuwashia moto. Si lazima mtoe karatasi zenyewe, nakala yatosha. Karatasi iliyoonekana haina thamani kwenu huenda ikawa jibu pekee kwa wajukuu watakaouliza.

Yubile ijayo wengi wetu hatutakuwapo. Mungu atujalie tuwaachie watoto wetu imani, na pamoja nayo daftari linalosomeka.