Ukomo wa Mali: Akiba na Matumizi ya Anayepokea Ruzuku ya Ulemavu

Ukomo wa mali ni kiwango cha juu cha fedha na vitu vyenye thamani ambacho mtu anaruhusiwa kumiliki huku akiendelea kupokea ruzuku ya serikali kwa sababu ya ulemavu na uhaba wa kipato. Istilahi hii ni ya msingi nchini Marekani katika mpango wa Kipato cha Nyongeza cha Hifadhi ya Jamii, unaofahamika zaidi kwa herufi zake, SSI. Mpango huo huwahudumia watu wenye ulemavu, wasioona na wazee wa miaka 65 na kuendelea ambao kipato chao ni kidogo. Mtu asiye na mwenzi hatakiwi kuwa na mali inayozidi dola 2,000, na wanandoa wanaoishi pamoja hawatakiwi kuzidi dola 3,000.

Sheria iliyoanzisha SSI ilitiwa saini mwaka 1972, na malipo ya kwanza yakatolewa Januari 1974. Wakati huo ukomo ulikuwa dola 1,500 kwa mtu mmoja na dola 2,250 kwa wanandoa. Sheria ya mwaka 1984 iliupandisha hatua kwa hatua hadi ulipofikia kiwango cha sasa mwaka 1989, na hapo ukabaki. Malipo yenyewe, kwa upande mwingine, hurekebishwa kila mwaka kufuatana na kupanda kwa bei. Mwaka 1974 ruzuku ya mtu mmoja ilianzia dola 140 kwa mwezi. Mwaka 2025 kiwango cha juu cha serikali kuu kilikuwa dola 967. Mpokeaji wa kwanza aliweza kujiwekea akiba inayolingana na ruzuku ya zaidi ya miezi 10, ilhali wa mwaka 2025 hakuweza kuvuka sana miezi miwili.

Tafsiri nyingi huuita mpango huu “mafao ya ulemavu”, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanza. Nchini Tanzania neno mafao hutumika kwa malipo yanayotokana na michango ya mwanachama, kama yanayotolewa na mifuko ya hifadhi ya jamii ya NSSF na PSSSF. Fedha ambazo Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, huzipeleka kwa kaya maskini huitwa ruzuku, kwa kuwa mlengwa hazichangii. Anazipata kwa sababu ya hali yake. Marekani nako kuna mipango miwili inayotofautiana namna hiyo. Bima ya Ulemavu ya Hifadhi ya Jamii, SSDI, iliyoanzishwa mwaka 1956, hulipwa kutokana na makato ya mishahara, na kwa hiyo ni mafao. SSI hulipwa kutoka hazina kuu ya serikali bila sharti la kuchangia, na kwa hiyo ni ruzuku. Tofauti hii ina uzito mkubwa, kwa sababu SSDI haina ukomo wa mali hata kidogo. Mwenye mafao anaweza kuwa na dola 50,000 benki asiulizwe. Kinachoangaliwa kwake ni kama ulemavu unaendelea na kama anafanya kazi yenye kipato kikubwa. Ukomo humbana mwenye ruzuku, pamoja na yule anayepokea vyote viwili, ambaye akiuvuka hupoteza sehemu ya SSI peke yake.

Neno ukomo limekwishazoeleka katika lugha ya fedha za umma, kama katika “ukomo wa bajeti”, na linafaa hapa bila shida. Neno la pili ndilo linalohitaji uangalifu. Baadhi ya wafasiri huandika “ukomo wa rasilimali”, lakini rasilimali humpeleka msomaji kwenye madini, misitu, maji au wafanyakazi wa taasisi. Mali ni neno la mtu binafsi na linaeleweka na kila mmoja. Upungufu wake ni kwamba linakusanya mno: linajumuisha nyumba, kitanda na sufuria, vitu ambavyo sheria haivigusi. Kwa sababu hiyo maandishi ya kisheria hayana budi kusema “mali inayohesabiwa”, yaani fedha taslimu na kitu chochote ambacho mwenyewe anaweza kukigeuza kuwa fedha za kujikimu.

Katika mali inayohesabiwa mna fedha za mkononi, salio la benki, hisa, hati fungani, gari la pili, na ardhi au nyumba ambayo mpokeaji haishi ndani yake. Isiyohesabiwa ni pamoja na nyumba anayoishi, gari moja la usafiri wa kaya, samani na vyombo vya ndani, makaburi ya familia, na fedha za mazishi zilizotengwa hadi dola 1,500. Malimbikizo ya ruzuku yaliyolipwa kwa mkupuo baada ya maombi kukubaliwa hayahesabiwi kwa miezi 9.

Kuhesabu kwenyewe kuna saa yake. Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii hutazama mali ya mtu kama ilivyo mwanzoni kabisa mwa tarehe 1 ya kila mwezi. Fedha zinazoingia ndani ya mwezi ni kipato cha mwezi huo. Zikibaki hadi tarehe 1 inayofuata, hugeuka kuwa mali. Mfano utaonyesha jinsi hesabu inavyokwenda. Mtu mmoja ana dola 1,850 benki kabla ya ruzuku ya Aprili 2025 kuingia. Inaingia dola 967, jumla inakuwa dola 2,817. Mwezi huo analipa kodi ya chumba, chakula na nauli, jumla dola 700. Tarehe 1 Mei akaunti ina dola 2,117. Amevuka ukomo kwa dola 117, na kwa sababu hiyo hastahili dola zote 967 za Mei. Zikiwa zimekwishaingia, zitaandikwa kuwa malipo yaliyozidi na atadaiwa azirudishe. Laiti angenunua jokofu la dola 300 kabla Aprili haijaisha, angeianza Mei na dola 1,817 na asingepoteza chochote.

Ununuzi wa namna hiyo ni halali kabisa. Sheria haina orodha ya vitu ambavyo mtu mzima anayejisimamia amekatazwa kununua. Anaweza kununua simu, televisheni, godoro, au kulipa madeni yake. Asichoruhusiwa ni kutoa akiba yake bure, au kuuza kitu kwa bei ya kutupa, ili aonekane hana mali. Akibainika, anaweza kunyimwa ruzuku kwa kipindi kinachofika hadi miezi 36. Msaada kutoka kwa wengine nao una kanuni zake: ndugu akimlipia kodi ya nyumba, ruzuku inaweza kupunguzwa, ila chakula anachopewa kimeacha kuhesabiwa tangu tarehe 30 Septemba 2024.

Watoto, na watu wazima wasioweza kusimamia fedha zao, huwekewa mpokeaji mwakilishi, ambaye aghalabu huwa mzazi au jamaa wa karibu. Huyu hana uhuru kama wa mwenye fedha. Sharti atangulize chakula, makazi, mavazi, matibabu na mahitaji binafsi ya anayemwakilisha. Kinachobaki akiweke akiba kwa jina la mhusika. Kuchanganya fedha hizo na zake mwenyewe ni kosa.

Kwa anayetaka kuweka akiba bila kuvuka ukomo, sheria imefungua milango miwili. Wa kwanza ni akaunti ya ABLE, iliyoruhusiwa na sheria ambayo Rais Barack Obama aliitia saini Desemba 2014. Dola 100,000 za kwanza katika akaunti hiyo hazihesabiwi na SSI. Mwenye akaunti, ndugu na marafiki wanaweza kuichangia, ila kwa kawaida michango yote kwa pamoja isizidi kiwango cha mwaka, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 19,000. Fedha zake hutumika kwa gharama zinazohusiana na ulemavu, na maana ya gharama hizo ni pana: elimu, makazi, usafiri, matibabu, vifaa saidizi, mafunzo ya kazi, hata ada ya wakili. Zilizotolewa kwa ajili ya kodi ya nyumba zinapaswa kutumika mwezi uleule, la sivyo hurudi kuwa mali inayohesabiwa. Awali akaunti ilikuwa ya watu ambao ulemavu wao ulianza kabla ya kufikisha miaka 26. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026 umri huo umepandishwa hadi miaka 46.

Mlango wa pili ni mfuko wa udhamini wa mahitaji maalumu. Fedha, kwa mfano za fidia ya ajali au za urithi, huwekwa chini ya mdhamini anayezitumia kwa manufaa ya mwenye ulemavu, naye mwenyewe hawezi kuzichukua. Tafsiri ya “dhamana ya mahitaji maalumu” haifai, kwani dhamana humkumbusha msomaji polisi na mahakama. Mfuko uliojazwa kwa fedha za mhusika mwenyewe hubeba sharti moja zito: akifariki, jimbo hurudishiwa kwanza gharama za matibabu lililomlipia kupitia Medicaid, mpango wa serikali wa matibabu kwa wenye kipato kidogo. Mfuko ulioanzishwa na mzazi au mtu mwingine kwa fedha zake hauna sharti hilo.

Kwa wasemaji wa Kiswahili waliohamia Marekani, wakiwemo wakimbizi kutoka Kongo, yapo mambo mawili yanayowahusu kipekee. Kiwanja au nyumba waliyoiacha nyumbani haiondolewi katika hesabu kwa sababu tu iko ng’ambo. Kama wanaweza kuiuza, huweza kuhesabiwa, na hivyo ni lazima itajwe katika maombi. Pia, mpokeaji akikaa nje ya Marekani siku 30 mfululizo, SSI husimama hadi atakaporejea na kukaa nchini siku 30 nyingine mfululizo. Safari ya msiba au harusi ya majuma matatu haina madhara. Ya miezi miwili inayo.

Istilahi iliyo sahihi zaidi, basi, ni “ukomo wa mali inayohesabiwa”, na palipokwishafafanuliwa inatosha kuandika “ukomo wa mali”. Miswada ya kuupandisha hadi dola 10,000 kwa mtu mmoja na dola 20,000 kwa wanandoa imewasilishwa katika Bunge la Marekani zaidi ya mara moja bila kupitishwa. Kiwango kinachotumika ni kilekile cha mwaka 1989.