Kila mtu anaijua Uhuru, lakini SAS-2 je?

Leo naomba tuache mambo ya programu kidogo, ingawa yatarudi yenyewe.

Juzi nikiwa kwenye matatu kutoka Kitale kwenda Bungoma nilikuwa nasoma makala kuhusu pulsa. Tulipofika Kiminini, mzee aliyeketi kando yangu akachungulia, akauliza: "Kijana, hizo nyota zinatuhusu nini sisi?" Nilimjibu ovyo ovyo, baadaye nikaona haya. Jibu lenyewe ndilo hili.

Pulsa ni mabaki ya nyota kubwa iliyolipuka. Upana wake ni kilomita 20 hivi, uzito wake unazidi wa Jua, na inazunguka kama pia. Jocelyn Bell aliigundua ya kwanza huko Cambridge mwaka 1967. Sumaku yake huwa na nguvu karibu mara trilioni moja kuliko ya Dunia. Mwaka 1971 Peter Sturrock wa Stanford alieleza kwamba umeme unaotokana na mzunguko huo huzirusha elektroni kwa kasi ya ajabu. Zikifuata mistari ya sumaku iliyopinda hutoa miale ya gama, na ndani ya sumaku kali namna hiyo mwale mmoja hugeuka kuwa jozi: elektroni na positroni. Hizo nazo hutoa miale, miale huzaa jozi nyingine... Kama umewahi kuandika programu inayojiita yenyewe ukasahau sharti la kusimama, unanielewa. Hapa sharti lipo: mwale ukishakuwa hafifu mno hauzai tena.

Sawa, lakini miale hiyo nani ameiona? Angahewa yetu huizuia. Ndipo tunapofika Kenya, kwenye jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Uhuru, setilaiti ya Marekani iliyorushwa hapo tarehe 12 Desemba 1970, tunaijua. Ndugu yake SAS-2 ilirushwa hapo hapo tarehe 15 Novemba 1972, na karibu hakuna anayeitaja. Hata jina la Kiswahili haikupewa!

Ndani yake mlikuwa na vibamba vyembamba vya tangsteni. Mwale wa gama ukivipiga hugeuka jozi ya elektroni na positroni, na cheche huonyesha njia zao mbili, kama herufi V iliyopinduliwa. Yaani pulsa ilinaswa kwa mtego wa aina ile ile ya kitu inachozaa yenyewe!

Miale ilikuja mmoja mmoja. Ili kuitambua pulsa ya Vela, wataalamu walichukua saa ya kila mwale, wakagawanya kwa milisekunde 89 ambazo Vela hutumia kuzunguka mara moja, wakatazama baki. (Wanaprogramu, ni ile alama yetu ya asilimia.) Mabaki yalijikusanya mahali pawili. Matokeo yalichapishwa mwaka 1975, na vilele hivyo viwili havikulingana na mpigo wa redio. Kwa hiyo gama na redio hazitoki mahali pamoja. Ubishi ulidumu miaka mingi, hadi darubini ya Fermi, iliyorushwa 2008, ilipoonyesha kwamba gama nyingi hutoka juu sana, mbali na uso wa nyota.

SAS-2 yenyewe ilizimika tarehe 8 Juni 1973 kwa hitilafu ya umeme. Njia yake iliinama digrii 2 tu kutoka ikweta. Kitale iko digrii 1 kaskazini, Bungoma kama nusu digrii. Basi mzee wangu, kwa karibu miezi saba chombo hicho kilipita juu yenu, au kando kidogo, kama mara 14 kwa siku, na huenda ulikuwa shambani ukipalilia mahindi.