Kuiandikia Mashine Maarifa ya Mkemia: Kompyuta katika Upangaji wa Usanisi wa Molekuli za Kaboni, 1969–2018

Insha hii inajadili jinsi kompyuta ilivyoingizwa katika kupanga usanisi wa molekuli za kaboni, yaani kuamua ni mimenyuko ipi ifuatane ili malighafi sahili zizae molekuli changamani. Hoja yake ni kwamba swali gumu halikuwa kasi ya mashine, bali namna ya kuiandikia maarifa ambayo wakemia waliyatumia bila kuyatamka.

Mwaka 1969 E. J. Corey na W. Todd Wipke wa Chuo Kikuu cha Harvard walieleza programu yao katika jarida la Science. Msingi wake ulikuwa mbinu ya Corey ya kufikiri kinyumenyume: mkemia huanza na molekuli anayoilenga, huikata kimawazo kwenye vifungo vya atomu, na huendelea hivyo mpaka afikie vitu vinavyopatikana kwa urahisi. Alichora molekuli kwa kalamu ya kielektroniki, mashine ikapendekeza vitangulizi, naye akachagua tawi la kufuata. Uchaguzi huo haukuwa jambo dogo. Molekuli moja huweza kukatwa kwa njia nyingi, na kila kipande vivyo hivyo, hata matawi yakawa hayachunguziki yote. Herbert Gelernter, aliyekuwa amekwisha kuunda programu ya kuthibitisha nadharia za jiometri, alishika njia nyingine: SYNCHEM yake ilitafuta bila kuongozwa.

Hata hivyo, programu zote mbili zilitegemea kanuni zilizoandikwa na watu. Kuandika kwamba kifungo fulani chaweza kuundwa hakukutosha. Ilibidi kutaja pia ni kundi gani la atomu jirani litakaloharibu mmenyuko. Bartosz Grzybowski na wenzake waliivumilia kazi hiyo kwa miaka mingi, na mwaka 2018 wakaripoti kwamba molekuli 8 zilizopangiwa njia na Chematica zilitengenezwa maabarani. Mwaka huohuo Marwin Segler, Mike Preuss na Mark Waller walionyesha katika Nature mitandao ya neva bandia iliyojifunza kanuni kutokana na mamilioni ya mimenyuko iliyochapishwa. Katika jaribio lao, wakemia hawakuzipendelea njia za majarida kuliko za mashine. Matokeo hayo yasisomwe kama ushindi kamili: kuikubali njia iliyo karatasini si kuitekeleza. Isitoshe, majarida huchapisha hasa mimenyuko iliyofaulu. Iliyoshindwa hubaki katika madaftari ya maabara, ambayo mashine haikupewa kuyasoma.